Paka dhahabu: jina alipewa London, makao yake ni pori ya Congo

Kwenye vijiji vya pembeni ya barabara inayotoka Mambasa kwenda Epulu, jimbo la Ituri, mtu anayerudi kuangalia mitego yake mara nyingi anabeba mboloko, nungu ao panya buku. Lakini mara moja moja kitanzi kinakuwa kimeshika kitu kingine: paka wa rangi nyekundu ya udongo, ukubwa wake karibu mara mbili ya paka wa nyumbani, tumbo jeupe lenye madoa, masikio mafupi yaliyo meusi kwa nyuma. Hapo maneno yanaanza. Mmoja atasema huyu hapana chui. Mwingine atasema na paka ya nyumba pia hapana. Wa tatu atasema ni mtoto wa chui aliyepotea mama yake.

Kumbe hata wataalamu wa vyuo vikubwa walibishana juu ya mnyama huyu kwa muda wa miaka karibu 180. Walimpa majina mawili wakidhani ni wanyama wawili. Walimweka katika ukoo wa paka wa Asia ambao si ndugu zake. Na ni mwaka 2006 tu, baada ya kusoma ADN ya paka wa dunia nzima, ndipo ukoo wake wa kweli ukajulikana vizuri.

Kwa Kiswahili anaitwa paka dhahabu. Kwa jina la kisayansi ni Caracal aurata. Ni paka pekee wa Afrika anayetegemea msitu kwa maisha yake yote, na sehemu kubwa ya msitu huo iko ndani ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Kwa hiyo swali la kwamba yeye ni nani na anaishi wapi si swali la vitabu peke yake. Linagusa mtego, soko la nyama, na watu wanaoishi kwa msitu.

Mnyama mwenyewe

Paka dhahabu ni mnyama wa ukubwa wa kati. Mwili wake, bila mkia, unaweza kuwa na urefu wa sentimeta 60 hadi 100. Uzito wake ni kati ya kilo 5 na kilo 16, na dume anampita jike kwa mbali. Kichwa ni kidogo ukilinganisha na mwili, pua ni pana, miguu ni minene yenye nguvu. Mkia si mrefu sana: mara nyingi haufiki hata nusu ya urefu wa mwili.

Kinachochanganya watu ni rangi. Kuna paka dhahabu wekundu ao wa kahawia, na kuna wa kijivu. Wengine ni weusi kabisa, lakini hao ni wachache. Madoa nayo hayafanani: mmoja anakuwa na madoa mwili mzima, mwingine anakuwa nayo kwenye tumbo na ndani ya miguu tu. Kwa ujumla, wale wa Afrika ya Magharibi wana madoa mengi kuliko wale wa upande wa Congo na Uganda. Hivyo wawindaji wawili wa vijiji viwili wanaweza kueleza mnyama huyo huyo, na msikilizaji akafikiri wanazungumza juu ya wanyama tofauti.

Anaishi peke yake. Anatembea mchana na usiku, zaidi wakati watu hawapo. Chakula chake ni panya wa pori, kindi, ndege, mboloko na swala wengine wadogo wa msituni, na mara nyingine kima. Anajua kupanda miti, lakini mawindo yake mengi anayapata chini.

Kuzaa kwake si kwa haraka. Kwa wale waliofugwa, mimba inachukua siku karibu 75, na jike anazaa mtoto mmoja ao wawili. Jike anakuwa tayari kuzaa akiwa na miezi karibu 11, dume miezi 18. Mtu anayejua panya ao nguruwe wanavyozaa ataelewa mara moja tofauti iliyopo. Paka dhahabu mmoja akitoka porini, pengo lake halijazwi upesi.

Ngozi mbili za London

Hadithi ya jina lake ilianza mbali sana na msitu. Mwaka 1827 mtaalamu wa wanyama kutoka Uholanzi, Coenraad Jacob Temminck, mkuu wa jumba la makumbusho la mji wa Leiden, aliandika juu ya paka ambaye hajawahi kumwona akiwa hai. Alichokuwa nacho ni ngozi iliyonunuliwa London kwa mfanyabiashara wa ngozi. Ilikuwa nyekundu yenye kung'aa, naye akaita mnyama huyo Felis aurata. Aurata ni neno la Kilatini, maana yake ni "ya dhahabu".

Ngozi nyingine ilikuwa ya kijivu yenye madoa. Temminck akafanya kile ambacho karibu kila mtu angefanya mbele ya ngozi mbili zisizofanana: akaandika majina mawili. Ile ya kijivu ikaitwa Felis celidogaster, yaani paka wa tumbo lenye madoa. Hakuna aliyemwambia kwamba mekundu na kijivu ni watoto wa nyumba moja. Ngozi haisemi ilitoka mto gani, wala haisemi baba yake alikuwa na rangi gani.

Jibu lilikuja polepole. Mwanzoni mwa karne ya 20 paka mmoja aliyefungwa katika bustani ya wanyama ya London alionekana akibadilika kutoka rangi nyekundu kwenda kijivu ndani ya miezi minne. Mnyama mmoja, ngozi moja, rangi mbili. Polepole wataalamu walikubali kwamba rangi si mpaka: wekundu, kijivu na weusi wote ni spishi moja. Na kwa sheria za kutoa majina ya wanyama, jina aurata ndilo lililobaki.

Ndugu wa uongo kutoka Asia

Kosa la pili lilidumu zaidi. Katika mwaka ule ule wa 1827, wataalamu Vigors na Horsfield waliandika juu ya paka mwingine mwekundu, huyu akitoka kisiwa cha Sumatra, Asia. Wakampa jina la heshima kwa Temminck: Felis temminckii. Leo anajulikana kama paka dhahabu wa Asia.

Ukiwaweka kwa picha, wawili hawa wanafanana kweli: rangi ya dhahabu, umbo lenye misuli, maisha ya msituni. Mwaka 1858 Mrusi Nikolai Severtzov alitoa jina la jenasi Profelis, na kwa miaka mingi vitabu viliwaweka paka dhahabu wa Afrika na wa Asia katika kundi hilo moja, kama vile watoto wa mama mmoja waliotenganishwa na bahari. Ndio maana mtu akifungua vitabu na orodha za zamani atamkuta paka huyu kama Felis aurata, pengine kama Profelis aurata, na katika vitabu vipya kama Caracal aurata. Ni mnyama mmoja. Mlinzi wa parke ao askari wa kizuizi anayelinganisha orodha mbili anapaswa kulijua hilo, la sivyo atadhani ni wanyama watatu.

Jina la kisayansi lina sehemu mbili. Ya kwanza ni kama jina la ukoo: inasema mnyama anatoka jenasi gani. Ya pili ni jina lake mwenyewe. Kwa paka dhahabu, jina lake mwenyewe halikubadilika tangu 1827. Kilichobadilika ni ukoo.

ADN ilivyosema

Macho yanaweza kudanganywa na rangi. Samaki na mamba wote wanaogelea, lakini si ndugu. Vivyo hivyo wanyama wawili wa msitu wenye kivuli wanaweza kufikia umbo na rangi zinazofanana kwa sababu maisha yao yanafanana, hata kama mababu zao ni tofauti.

Mwaka 2006 kundi la watafiti likiongozwa na Warren Johnson na Stephen O'Brien lilichapisha katika gazeti la kisayansi la Science matokeo ya kulinganisha ADN ya spishi za paka za dunia nzima. Waliona kwamba familia ya paka ina matawi manane. Simba na chui wako kwenye tawi moja. Paka wa nyumbani na paka pori wako kwenye tawi jingine. Paka dhahabu wa Asia yuko kwenye tawi lake la Asia, pamoja na paka wa kisiwa cha Borneo.

Na paka dhahabu wa Afrika? Alitokea kwenye tawi la watu watatu tu, ambalo maisha yake yamekuwa ya Afrika tangu zamani sana: yeye, mondo, na simbamangu. Mondo ni yule paka mwembamba wa miguu mirefu na masikio makubwa, anayewinda panya kwenye majani ya savana. Simbamangu, ambaye wengine wanamwita karakali, ni yule mwekundu mwenye vishungi vya nywele nyeusi kwenye ncha za masikio, anayependa sehemu kavu. Kati ya hao wawili, simbamangu ndiye ndugu wa karibu zaidi. Kwa hesabu za watafiti hao, paka dhahabu na simbamangu waliachana miaka karibu milioni mbili iliyopita: mmoja akabaki na savana, mwingine na msitu.

Kwa sababu hiyo wataalamu wa paka wa UICN, shirika la kimataifa la kuhifadhi maumbile, walipopanga upya majina ya paka wote mwaka 2017, walimweka paka dhahabu katika jenasi ya simbamangu. Ndipo Caracal aurata likakubaliwa.

Tofauti hii ina uzito. Wakati ule alipohesabiwa pamoja na paka wa Asia, mtu angeweza kusema: hata akiisha Congo, ndugu yake yuko Thailand na Sumatra. Sasa neno hilo halisimami. Tawi lake lina spishi tatu tu duniani, na yeye ndiye peke yake aliyechagua msitu. Hakuna mwingine wa kuchukua nafasi yake.

Kutoka Guinea hadi Uganda

Afrika ina spishi kumi za paka wa pori, kuanzia simba hadi paka mdogo mwenye miguu myeusi wa kusini. Wengi wanapenda savana, milima mikavu ao jangwa. Chui anaishi msituni, lakini anaishi pia kwenye savana na milimani. Paka dhahabu ndiye pekee ambaye, ukiondoa msitu, unakuwa umemwondoa naye.

Ramani yake inafuata ramani ya msitu mkubwa wa mvua. Upande wa magharibi anaishi katika misitu ya Guinea, Liberia, Côte d'Ivoire na Ghana. Halafu kuna pengo la savana kwenye nchi za Togo na Benin, mahali msitu unapokatika hadi baharini. Baada ya pengo hilo anaonekana tena Nigeria ya kusini-mashariki, Kamerun, Guinea ya Ikweta, Gabon, Congo-Brazzaville, Jamhuri ya Afrika ya Kati, kaskazini ya Angola, na kwa eneo kubwa kabisa, RDC. Upande wa mashariki anafika Uganda, na pembeni kabisa, misitu michache ya Kenya magharibi.

Wataalamu wanagawa spishi hii katika makundi mawili madogo. La magharibi, ng'ambo ya Mto Cross wa Nigeria, lilirudishiwa lile jina la ngozi ya kijivu ya Temminck: Caracal aurata celidogaster. La mashariki, lile la upande wa RDC na Uganda, ni Caracal aurata aurata. Hivyo jina lililotupwa kwa kosa la rangi limepata kazi nyingine ya kusema mahali.

Kwa wakaaji wa Congo kuna jambo moja la kushangaza. Mto Congo ni mpaka mkali kwa wanyama wengi. Bonobo wanapatikana upande wa kushoto tu wa mto, na sokwe upande wa kulia, hakuna anayevuka. Lakini paka dhahabu yuko pande zote mbili. Yuko Ituri, ndani ya Hifadhi ya Okapi iliyoanzishwa mwaka 1992, upande wa kulia. Yuko pia upande wa kushoto, kwenye misitu ya Lomami, kati ya Tshopo na Maniema, mahali palipotangazwa kuwa parke ya kitaifa mwaka 2016.

Hachagui msitu wa aina moja. Anaishi msitu wa chini wenye joto, kando ya mito, na milimani hadi kwenye mianzi na baridi. Anaweza kuishi hata katika msitu uliokatwa miti kisha ukaota tena, mradi tu majani ni mazito na chakula kipo. Anachokosa kuvumilia ni uwanja mtupu: shamba kubwa lisilo na kivuli, ao pori lililochomwa na kubaki majani tu.

Wanaomtafuta wanamwona namna gani

Mtu anaweza kuishi msituni miaka thelathini bila kumwona paka dhahabu akiwa hai. Watafiti wengi waliofanya kazi juu yake walimjua kwanza kwa mavi yake. Huko Ituri, John Hart na wenzake Wakongomani waliokota mavi ya chui na ya paka dhahabu kwenye njia za msituni, wakayaosha, wakatenganisha mifupa na nywele ili kujua kila mmoja anakula nini. Matokeo yalichapishwa mwaka 1996. Walikuta kwamba wawili hao wanagawana msitu: chui anachukua wanyama wakubwa zaidi, paka dhahabu anachukua panya wa pori na swala wadogo.

Hilo linasaidia kuelewa imani moja inayosikika sehemu mbalimbali za misitu ya Afrika, kwamba paka huyu ni ndugu wa chui, na kwamba anamfuata nyuma ili ale mabaki yake. Ndugu wa karibu si yeye. Tawi la chui liko mbali. Lakini wazee waliosema hivyo walikuwa wameona vizuri kitu kimoja: njia zao ni zile zile, na mmoja anaishi kwenye kivuli cha mwingine. Imani nyingine zinamletea hatari. Kamerun, kwa mfano, imeandikwa kwamba wawindaji wengine walibeba mkia wake kama dawa ya bahati wanapokwenda kuwinda tembo.

Siku hizi chombo kikubwa ni kamera inayofungwa kwenye mti. Haihitaji mtu: mnyama mwenye joto akipita mbele yake, inapiga picha yenyewe, mchana ao usiku. Picha nyingi za paka dhahabu zinazojulikana, Lomami ikiwemo, zimepatikana kwa njia hiyo. Mwaka 2015 shirika la Panthera lilionyesha video kutoka msitu wa Kibale, Uganda: paka dhahabu anaruka katikati ya kundi la kima wekundu mchana kweupe. Kabla ya hapo watu waliamini zaidi kuliko walivyoona.

Kamera inafanya pia kazi ya kuhesabu. Madoa ya paka dhahabu hayafanani, kama vile alama za vidole vya mtu. Mtafiti akiwa na picha nyingi, anaweza kusema huyu wa leo ni yule wa juzi, na huyu ni mgeni. Kwa kuangalia ni mara ngapi nyuso zile zile zinarudi, anapata hesabu ya wote wanaoishi pale.

Kitanzi hakichagui

Hesabu iliyo wazi zaidi inatoka Gabon. Mtafiti Laila Bahaa-el-din na wenzake walifunga kamera katika sehemu mbalimbali za msitu, matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Katika msitu usioguswa walipata paka dhahabu karibu 16 kwa kila kilometa za mraba 100. Karibu na vijiji, mahali watu wanawinda, walipata wasiozidi 4. Msitu uliopo pande zote mbili ni msitu, miti ipo. Kilichopungua ni wanyama.

Sababu kubwa ni mtego wa waya. Mtegaji hamtafuti paka. Anatafuta mboloko na nungu, nyama inayoingia kwenye sufuria ao inayouzwa ili mtoto alipiwe masomo. Waya wa freni ya baiskeli unagharimu kidogo, hauozi upesi, na ukifungwa kwenye njia ya wanyama unakaa pale wiki nyingi ukingoja. Kitanzi hakijui mguu wa mboloko na mguu wa paka. Kinakaza tu. Na paka dhahabu, kwa sababu anafuata njia zile zile za mawindo yake, anaingia.

Hasara ni mbili. Ya kwanza ni paka mwenyewe anayekufa. Ya pili ni chakula chake: mboloko na panya anaowahitaji ndio hao hao wanaobebwa kwenye vikapu kwenda sokoni. Hata asiponaswa, msitu unaobaki unakuwa kama nyumba yenye jiko lisilo na moto. Mwindaji naye anafika kwenye shida hiyo hiyo. Mahali paka dhahabu amekwisha, mara nyingi mboloko naye ameanza kuwa haba, na mtegaji analazimika kutembea siku mbili kupata kile baba yake alichokipata nyuma ya nyumba. Mtego unaommaliza paka unammaliza pia mtegaji, ila yeye anachukua muda zaidi.

Halafu kuna msitu wenyewe. Afrika ya Magharibi imepoteza sehemu kubwa ya misitu yake, na paka dhahabu wa huko wamebaki kwenye vipande vilivyotengana. Zaidi ya nusu ya msitu wote wa bonde la Congo uko RDC. Makara, mashamba ya kuchoma, machimbo na barabara mpya vinaingia ndani yake kila mwaka, na kila barabara inapeleka mitego mbele zaidi. Mwaka 2015 UICN ilimweka paka dhahabu katika daraja la «Vulnérable», yaani spishi zinazoweza kuingia hatarini. Biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na mkataba wa CITES, kwenye Kiambatanisho cha II, na nchini RDC kumwinda kumekatazwa.

Kinachowezekana

Katazo bila sufuria haliendi mbali. Hilo linajulikana vizuri na watu wanaofanya kazi kandokando ya Bwindi, Uganda, si mbali na mpaka wa Rutshuru. Huko Mganda Badru Mugerwa, mtaalamu aliyemfuatilia paka dhahabu kwa miaka mingi, alianzisha shirika linaloitwa Embaka, kwa jina la mnyama huyo katika lugha ya wenyeji. Kazi yao haikuanza kwa kufukuza watu. Familia zilizoahidi kuacha mitego zilipewa mifugo ya kuzalisha. Watoto wa mifugo hiyo wanapelekwa kwa familia nyingine. Nyama inatoka nyumbani, na ahadi inalindwa na majirani wenyewe, kwani kila mmoja anangoja zamu yake.

Somo jingine linatoka Gabon kwenye utafiti ule ule. Katika misitu inayokatwa miti kwa utaratibu, mahali kampuni inalazimika kufunga barabara zake na kuzuia wawindaji, paka dhahabu walikuwa wengi kuliko karibu na vijiji, hata kama hawakufikia wale wa msitu usioguswa. Maana yake, paka huyu hahitaji parke peke yake. Msitu wa jamii, ardhi ya kichifu, hata msitu wa kampuni vinaweza kumhifadhi, kama mitego ya waya haiko kila mahali.

Kwa mtegaji kuna hatua ndogo zinazowezekana hata leo. Kuangalia mitego kila siku badala ya kila wiki, ili mnyama asiyetakiwa aachwe angali hai. Kuondoa ile ya zamani isiyotembelewa tena, inayoua bila kumlisha mtu. Kuacha sehemu ya msitu bila kitanzi hata kimoja, kama mababu walivyoacha sehemu fulani zipumzike.

Namna ya kumtambua

Ili makosa ya Temminck yasirudiwe kijijini, ni vizuri kuangalia mambo machache kabla ya kumpa mnyama jina.

Mtoto wa chui ana madoa yaliyopangwa kama maua, mwili mzima, na mkia mrefu. Paka dhahabu hana maua hayo, na mkia wake ni mfupi.

Mondo ana miguu mirefu na masikio makubwa yaliyosimama, na anapenda majani marefu ya savana. Paka dhahabu ana miguu minene na masikio mafupi ya mviringo.

Simbamangu ana vishungi vya nywele kwenye masikio. Paka dhahabu hana.

Kanu na ngawa wana uso mrefu uliochongoka. Kanu ana pia mkia mrefu wenye pete nyeusi na nyeupe. Hao si paka kabisa, ni wa familia nyingine.

Na rangi? Rangi isiaminiwe. Mwekundu, wa kijivu ao mweusi, anaweza kuwa yule yule.

Anayemkuta kwenye mtego akiwa hai asimkaribie kwa mikono mitupu, kwani ana meno na kucha za kutosha kumwumiza mtu. Ni vizuri kumjulisha mlinzi wa karibu wa ICCN ao mkubwa wa kijiji. Anayeona ngozi yake sokoni asinunue. Ngozi ndiyo iliyomfanya ajulikane kwa mara ya kwanza, mwaka 1827, na miaka karibu 200 baadaye wanaomjua kwa ngozi bado ni wengi kuliko wanaomjua akitembea.

Asubuhi, huko Ituri, mtegaji anapofika kwenye njia ya mboloko na kukuta alama ya mguu wa mviringo, isiyo na kucha, kubwa kuliko ya paka wa nyumba na ndogo kuliko ya chui, anajua sasa ni nani aliyepita. Ni jirani wa zamani sana wa msitu huo, na hana msitu mwingine wa kuhamia.